Kila Kisawe na Dai Lake

Ninataka tuzungumzie jambo linalomkabili kila anayeandika Kiingereza, awe mwanafunzi wa sekondari, karani, mwanasheria au mwandishi wa habari. Maneno mawili au matatu yako mbele yake, kamusi inamwambia kwamba maana yake ni moja, naye hana budi kuchukua moja na kuyaacha mengine. Achukue lipi? Mwaka 1852 daktari mmoja wa Uingereza, Peter Mark Roget, alichapisha kitabu alichokiita Thesaurus, ambacho kiliyapanga maneno ya Kiingereza kwa kufuata mawazo badala ya kufuata alfabeti, ili mtu mwenye wazo lakini asiye na neno apate pa kulitafuta. Kitabu hicho kinachapishwa hadi leo, na kimewafaa waandishi wengi. Lakini zile safu zake za maneno yaliyopangwa bega kwa bega zimewafanya watu wengi waamini mambo mawili ambayo si kweli: kwamba visawe vinaweza kubadilishana nafasi bila hasara, na kwamba kilicho bora ni kile kirefu au kigeni zaidi. Nitakalolitetea leo ni kwamba kila kisawe hubeba dai lake kuhusu ulimwengu, na anayelitumia neno hujifunga kulitetea dai hilo. Kwa hiyo kisawe hupimwa kwa dai lake. Urembo wake ni jambo la baadaye.

Tuanze na chimbuko la wingi huu wa visawe. Msingi wa Kiingereza ni lugha ya Waanglo na Wasaksoni. Wakaja watu wa Skandinavia na kuacha maneno yao kando ya yale yaliyokuwepo. Ndiyo sababu Mwingereza ana "sick" la kwake na "ill" la kutoka kwa wageni hao. Mwaka 1066 Wanormandi wakaiteka Uingereza, na Kifaransa kikawa lugha ya ikulu, ya mahakama na ya mabwana wenye ardhi kwa vizazi vingi. Ilipofika mwaka 1362, ilibidi Bunge lipitishe sheria ya kutaka kesi ziendeshwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu walishitakiwa na kuhukumiwa kwa lugha wasiyoijua. Baadaye wasomi nao wakachota kutoka Kilatini. Matokeo yake ni kwamba tendo moja la kuuliza lina "ask" la wenyeji, "question" lililopitia Kifaransa na "interrogate" lililochotwa katika Kilatini. Maneno haya matatu hayakukaa mamoja. "Ask" linamfaa mtoto anayeuliza saa. "Question" linadokeza kwamba muulizaji ana shaka au ana mamlaka ya kutaka majibu. "Interrogate" linamweka mmoja upande wa polisi na mwingine upande wa mtuhumiwa. Anayeandika kwamba mwenye nyumba "interrogated" mgeni wake kuhusu safari, kwa kuwa tu neno hilo limeonekana la kisomi, amemgeuza mwenyeji mkarimu kuwa askari mpelelezi.

Historia hiyohiyo inaweza kumtega msemaji wa Kiswahili aliyesomeshwa kwa Kifaransa kule Kongo au Burundi. Kwa Kifaransa, "demander" ni kuomba au kuuliza tu, tena kwa adabu. Neno hilo lilipoingia katika Kiingereza na kuwa "demand", lilibeba haki na shinikizo: anayetumia "demand" anadai, na anatarajia kutiiwa. Barua ya kuomba kazi inayotumia neno hilo mahali pa "request" imemwamrisha mwajiri kabla hata hajasoma sifa za mwombaji. Sarufi ya barua haina kosa, na tahajia iko sawa. Kilichoharibika ni dai: mwombaji amedai haki ambayo hana. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na hapa ulimi umejikwaa juu ya neno ambalo kamusi fupi ingeliweka katika safu moja na kuomba.

Pengine mtu atasema kwamba tofauti hizi ni za wasomi, na kwamba msikilizaji wa kawaida haziathiri fikra zake. Ushahidi unakataa. Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili nchini Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa katika mwendo gani yalipogongana. Swali lilikuwa moja kwa wote, isipokuwa kitenzi. Walioulizwa kwa "smashed", neno la kugongana kwa kishindo na kuvunjika, walikadiria kwa wastani maili 40.8 kwa saa. Walioulizwa kwa "hit" walikadiria maili 34, na walioulizwa kwa "contacted", yaani kugusana tu, maili 31.8. Filamu ni zilezile. Katika jaribio la pili, wanafunzi 150 walionyeshwa ajali, na baada ya wiki moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hapakuwa na kioo chochote kilichovunjika. Lakini kati ya wanafunzi 50 walioulizwa awali kwa "smashed", 16 walisema waliviona. Kati ya 50 walioulizwa kwa "hit", ni 7 tu. Kisawe kimoja kilipenya kwenye kumbukumbu na kupandikiza humo kitu ambacho hakikuwepo. Wakili anayemhoji shahidi, polisi anayeandika maelezo na mwandishi anayeripoti ajali ya basi wote wanashika chombo hicho mkononi kila wanapochagua kitenzi.

Twende sasa kwenye meza za wakuu wa dunia, ambako dai la neno huonekana waziwazi kwa sababu sheria imelifunga. Oktoba 1962 Marekani iligundua kwamba Umoja wa Kisovieti unaweka makombora ya nyuklia nchini Kuba. Rais John Kennedy aliamua kutumia meli za kivita kuzuia silaha zisifike katika kisiwa hicho. Kwa Kiingereza cha kawaida, tendo hilo huitwa "blockade". Lakini katika sheria ya kimataifa, "blockade" ni tendo la vita. Tarehe 22 Oktoba, alipolihutubia taifa lake kwa televisheni, Kennedy alisema "quarantine", neno ambalo watu walilijua zaidi kwa kuwatenga wagonjwa wa maradhi ya kuambukiza. Meli zilikuwa zilezile na bahari ileile. Lakini neno la kwanza lingetangaza kwamba vita vimeanza, na la pili liliacha nafasi ya mazungumzo, ambayo kweli yalifanyika na makombora yakaondolewa. Sidai kwamba neno peke yake liliiokoa dunia. Ninachosema ni kwamba walioketi katika vikao vile walijua wanachagua kati ya madai mawili, na waliyapima.

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa nalo lina ngazi zake za visawe. Mwezi Novemba 1990, azimio namba 678 liliziruhusu nchi wanachama kutumia njia zote zinazohitajika ili kuiondoa Iraki nchini Kuwait, na kila mwanadiplomasia alijua kwamba "all necessary means" ni ruhusa ya kupigana. Novemba 2002, azimio namba 1441 liliionya Iraki tena, safari hii kwa "serious consequences", yaani matokeo mazito. Kwa sikio la mtu apitaye njia, misemo hiyo miwili ni vitisho vya aina moja. Lakini wajumbe wote 15 waliweza kulipigia kura azimio la pili kwa sababu misemo hiyo haikuwa sawa. Iraki ilipovamiwa Machi 2003, mabishano ya wanasheria yalihusu jambo hilihili: je, onyo lile lilikuwa limebeba ruhusa ya vita, au halikuibeba? Vivyo hivyo mkutano wa tabianchi uliofanyika Glasgow ulifikia dakika za mwisho Novemba 2021 ukiwa na rasimu iliyotaka matumizi ya makaa ya mawe yakomeshwe hatua kwa hatua, kwa Kiingereza "phase out". India, ikiungwa mkono na China, ikataka iandikwe "phase down", yapunguzwe hatua kwa hatua. Neno moja dogo lilibadilishwa, na mataifa madogo ya visiwa, ambayo bahari inayatishia, yakalalamika mbele ya wote. Yalikuwa na haki ya kulalamika, maana neno la kwanza lilikuwa na mwisho, la pili halina.

Mfano mzito kuliko yote uko karibu na kwetu. Mwaka 1994, Watutsi wa Rwanda walipokuwa wakiuawa kwa muda wa takribani siku 100, maofisa wa serikali ya Marekani walijua kwamba Mkataba wa mwaka 1948 unayataka mataifa yaliyoutia saini kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari. Neno "genocide" likawa zito midomoni mwao. Mwezi Juni msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo alikuwa bado akiwaeleza waandishi wa habari kwamba kumetokea "acts of genocide", matendo ya kimbari, huku akikwepa kulitamka neno lenyewe likiwa peke yake. Mwandishi mmoja akamuuliza ni matendo mangapi ya namna hiyo yanatosha kufanya mauaji ya kimbari. Swali hilo halikujibiwa. Hapa tunaona upande mwingine wa hoja yangu. Kama kisawe hubeba dai, basi kukikwepa kisawe ni kulikwepa dai, pamoja na wajibu unaoandamana nalo. Mtu anayeamini kwamba visawe ni pambo la sentensi hawezi hata kuutambua ukwepaji wa namna hii anapousikia. Anayejua kupima atauliza mara moja: kwa nini limechaguliwa hili, na lile limeachwa kwa nini?

Tofauti nyingine hazimo katika mikataba wala katika sheria. Zimo katika hukumu ya msemaji. Mwaka 1948, katika kipindi cha redio cha BBC kilichoitwa The Brains Trust, mwanafalsafa Bertrand Russell alionyesha jinsi tabia moja ya kutobadili msimamo inavyopewa majina matatu kulingana na anayezungumziwa. Nikiwa ni mimi, nina msimamo thabiti, "firm". Ukiwa ni wewe ninayezungumza nawe, u mbishi, "obstinate". Akiwa ni yule asiyekuwepo, ni kichwa kigumu asiyesikia, "pig-headed". Ukweli unaoweza kupimwa katika maneno hayo matatu ni mmoja: mtu hajabadili nia. Kilichoongezwa ni sifa au lawama. Ndiyo maana mwandishi wa habari mwangalifu hupendelea "said" kuliko "claimed". La kwanza linaripoti kwamba mtu amesema. La pili linadokeza kwamba huenda amesema uongo. Na akiandika kwamba waziri "refuted" tuhuma, badala ya "denied", wasomaji wengi waangalifu watalielewa neno hilo kwa maana yake ya jadi, kwamba waziri amethibitisha kuwa tuhuma ni za uongo. Mwandishi amemtangaza mshindi bila kuona ushahidi wowote.

Mtu huyajuaje madai haya yaliyofichika, ikiwa kamusi fupi hayasemi? Jibu lilitoka kwa wanaisimu waliofuata wazo la Mwingereza J. R. Firth, aliyefundisha kwamba neno hutambulikana kwa maneno linaloandamana nayo. John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham na wenzake walikusanya maandishi mengi ya Kiingereza halisi ndani ya kompyuta, na mwaka 1987 wakatoa kamusi ya COBUILD iliyojengwa juu ya matumizi yaliyoonekana badala ya maoni ya mtunzi. Mwaka 1993 Bill Louw, mwanaisimu aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Zimbabwe, alionyesha kwamba maneno fulani huwa na majirani wabaya kiasi kwamba ubaya huo huyaambukiza. Chukua kitenzi "cause", kusababisha. Peke yake hakisemi jema wala baya. Lakini katika maandishi halisi huandamana zaidi na matatizo, uharibifu, maradhi na vifo. Kwa hiyo ripoti ya shirika inayosema mradi wake "caused" ajira kijijini humfanya msomaji asite, kana kwamba ajira ni maafa. "Created" lingekaa vizuri. Hali kadhalika chai huitwa "strong" na injini huitwa "powerful", na anayezibadilishia sifa hizo husikika mgeni, ingawa nguvu ni nguvu. Mambo haya hayajulikani kwa kukariri orodha. Hujulikana kwa kusoma sana, na kwa kulitazama neno likiwa kazini katika sentensi nyingi kabla ya kuliajiri katika sentensi yako.

Sasa niyajibu mapingamizi, maana yapo yenye uzito. La kwanza ni la walimu wengi, wanaowaambia wanafunzi wasirudie neno. Ushauri huo una nia njema, kwani insha inayorudia neno moja kila mstari huchosha. Lakini ndugu wawili wa Kiingereza, akina Fowler, walishauonya ulimwengu katika kitabu chao The King's English cha mwaka 1906 kuhusu tabia ya kubadili maneno kwa ajili ya urembo tu. Msomaji akiona neno jipya hudhani limeletwa jambo jipya. Katika mkataba hatari yake ni kubwa zaidi: kifungu cha kwanza kikimwita mtu "tenant" na cha tano kikimwita "occupier", hakimu ana haki ya kudhani kwamba ni watu wawili wenye haki tofauti. Rudia neno kama kitu ni kilekile. Badilisha neno pale tu jambo linapobadilika.

Pingamizi la pili husema kwamba Waingereza na Wamarekani wenyewe hawazingatii tofauti hizi, na kwamba maana hubadilika. Ni kweli hubadilika. Lakini hubadilika kwa makubaliano ya umma wa wasemaji, polepole, na hakuna mwandishi mmoja anayeweza kujitangazia maana yake na kutegemea kueleweka. Pia nakiri kwamba si kila jozi inastahili usiku wa mawazo. Kati ya "begin" na "start", mara nyingi lolote linatosha, na anayejitesa hapo anapoteza muda. Kipimo ni kimoja: je, msikilizaji wangu wa leo ataamini jambo tofauti kulingana na neno nitakalochagua? Kama hapana, chukua lililo fupi na linalojulikana zaidi. Kama ndiyo, simama na upime.

Pingamizi la tatu hutoka moyoni, nami naliheshimu. Kwa nini sisi wenye Kiswahili tujisumbue na vivuli vya lugha ya watu wengine? Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na hatua hiyo ni ya haki, kwa sababu mtu anastahili kuhukumiwa kwa lugha anayoielewa. Lakini mikataba mingi ya kibiashara, mitihani ya sekondari, na mazungumzo ya kimataifa kuhusu madini yetu, gesi yetu na tabianchi yetu bado huandikwa kwa Kiingereza. Asiyeweza kutofautisha "shall" na "should" katika ukurasa wa mkataba atatia saini akidhani amepewa ahadi ambayo mwenzake hakuitoa, maana la kwanza hulazimisha na la pili hushauri. Wala ujuzi huu si mgeni kwetu. Mswahili aliyelelewa vizuri hasemi mbele ya wafiwa kwamba mzee wao amekufa. Husema amefariki, au ametangulia mbele ya haki, na hafanyi hivyo kwa urembo. Uangalifu huohuo tunaokipa Kiswahili ndio Kiingereza kinaouhitaji kutoka kwetu, na anayeuzoea katika lugha moja huuboresha katika nyingine.

Msikilizaji, ukikaa tena mbele ya visawe, usiulize lipi ni zuri zaidi wala lipi litakuonyesha kuwa umesoma. Jiulize neno hili linadai nini, kama ushahidi ulio nao unalitosha dai hilo, na ni nani atakayebeba gharama ikiwa halikutosha. Nanyi walimu, mnapowapa vijana orodha ya visawe, msiwape orodha tupu. Wapeni kila neno ndani ya sentensi ya kweli, na muwatake waeleze kwa nini neno la jirani yake lisingefaa pale.